Mshahara wa Bwana Kilo

Kwa miaka kumi na tisa Bwana Kilo alisimama mlangoni pa ghala la nafaka akipima magunia, na katika miaka hiyo yote hakutokea mtu aliyeweza kumhonga hata kwa soda. Gunia likizidi, anasema limezidi. Likipungua, anasema limepungua, na mwenye gunia akinuna, shauri yake. Jina alilopewa na wazazi wake watu walilisahau. Hata mkewe akimtafuta mtaani aliuliza kama Kilo amepita. Kisha ghala likauzwa. Wenye ghala wapya wakaja na mizani inayojiandikia uzito yenyewe, Bwana Kilo akapewa bahasha, akapeana mikono na wapagazi, akarudi nyumbani saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Mkewe alikuwa anapiga deki. Akamwambia asikanyage, sakafu haijakauka. Basi akasimama nje na bahasha yake mkononi mpaka sakafu ikakauka, na hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake ya kuagwa kazini.

Alitafuta kazi nyingine kwa bidii ambayo vijana wa leo hawana, nalisema hili bila kumwogopa mtu. Alikwenda viwanda vya unga, alikwenda bandari ya nchi kavu, alikwenda kwa wauza saruji. Kila mahali walimtazama mvi, wakachukua namba yake ya simu, wakamwambia watampigia. "Tutakupigia" ni neno linalosemwa kirahisi kuliko salamu. Bwana Kilo alikaa na simu kifuani miezi mitano, akienda nayo hata chooni, na waliompigia walikuwa watu waliokosea namba.

Bahasha ilipokwisha, akajitokeza dada yake. Huyu alikuwa mdogo wake wa kumfuata, ameolewa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na yeye na mumewe walikuwa na duka la mapazia. Mwezi wa kwanza alimtumia kaka yake pesa kwa simu. Bwana Kilo akazirudisha. Mwezi wa pili akazituma tena, na safari hii mkewe alimwekea mkono juu ya simu asizirudishe. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba heshima haipikwi, na kwamba binti yao, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, alikuwa ameshatumiwa barua ya karo mara mbili.

Bwana Kilo akakubali, lakini kwa sharti. Alimpigia dada yake akamwambia kwamba pale kwenye nafasi ya ujumbe, pesa zinapotumwa, aandike "malipo ya kazi".

"Kazi gani hiyo, kaka?" dada mtu akauliza huku anacheka.

"Wewe andika tu. Sitaki kuliona neno msaada kwenye simu yangu."

Akaandika. Kwa miezi kumi na minne, kila tarehe tatu, simu ililia na ujumbe ukasema hivyo hivyo. Pesa hizo ndizo zilizolipa pango la vyumba viwili, ndizo zilizolipa karo ya binti, na zilizobaki, kama zilibaki, zilikwenda sokoni. Zikikatika, binti anarudi nyumbani na godoro lake na wenye nyumba wanabisha hodi. Mke alilijua hilo, Bwana Kilo alilijua, na ndani ya nyumba hakuna aliyelitamka. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, ila hawakusema asiye na cha kwake ategemee nini, na mimi kwa hilo bado nina kesi nao.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama serikali isingekumbuka kuwa Bwana Kilo yupo. Tangu enzi za ghala alikuwa na namba ya mlipakodi. Ukaja ujumbe kwamba kila mwenye namba hiyo lazima ajaze fomu kabla ya mwisho wa mwezi, awe na kipato asiwe nacho, na asiyejaza atatozwa faini. Akaenda kwenye kibanda kimoja karibu na posta, ambako dada mmoja mwenye kompyuta alikuwa akiwajazia watu fomu kwa malipo kidogo.

Foleni ilikuwa fupi na ilikwenda haraka. Waliokuwa hawana kazi walisema "sifuri", yule dada akabonyeza mara tatu, akatoa karatasi, wakalipa wakaondoka. Walisema sifuri bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayeagiza chai isiyo na sukari. Bwana Kilo alilishika neno hilo mdomoni tangu mlangoni. Amebakiza mtu mmoja mbele yake, akasikia mkono begani. Alikuwa mmoja wa wapagazi wa zamani, kijana ambaye kwa miaka sita Bwana Kilo alikuwa akimkaripia kwa kutupa magunia juu ya mizani badala ya kuyaweka. Sasa amenenepa, amevaa shati lililopigwa pasi, na kwenye kidole anazungusha ufunguo wa gari.

"Bosi Kilo! Siku nyingi sana. Upo wapi siku hizi?"

Kabla hajajibu, zamu yake ikafika, na dada wa kompyuta, bila kuinua macho, akauliza kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mzee, una kipato au nikujazie sifuri?"

Mtu aliyekataa kupunguza gunia nusu kilo kwa miaka kumi na tisa akasema uongo pale pale, mkavu, bila hata kumeza mate. Alisema kipato kipo. Alisema anafanya kazi na duka la mapazia, kazi ya hesabu, ya mbali. Akatoa simu yake, na ujumbe wa "malipo ya kazi" ukasomwa mmoja mmoja, miezi kumi na miwili ya mwaka uliopita, ukaingizwa kwenye fomu kama mshahara. Dada wa kompyuta akauliza kama mwajiri huwa anamkata kodi. Akasema anadhani hapana. Dada akabonyeza. Mpagazi akampiga begani kwa furaha ya kweli, akasema mtu kama Bosi Kilo hawezi kukosa kazi, na Bwana Kilo akarudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele, akiwaitikia watu salamu ambazo hawakumpa.

Alipomsimulia mkewe, yule mama aliacha kuchambua mchele.

"Ungesema sifuri tu," akasema. "Sifuri haina uzito. Si wewe ndiye mpimaji?"

Baada ya wiki tatu ukaja ujumbe mwingine. Mlipakodi mheshimiwa anadaiwa kiasi fulani, alipe ndani ya siku thelathini, akichelewa deni litakuwa linaongezeka kila mwezi. Kiasi hicho kilikuwa sawa na pango la miezi mitatu. Bwana Kilo aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi akausoma tena, maana kuna habari ambazo miguu haiwezi kuzibeba. Uongo mmoja wa kumridhisha mpagazi ulikuwa umemgharimu zaidi ya rushwa zote alizozikataa.

Ofisi ya kodi ilikuwa ghorofa ya pili, viti vimefungwa pamoja kwa chuma ili mtu asije akaondoka na kimoja, na feni moja iliyoelekezwa kwa wafanyakazi peke yao. Alikaa na karatasi yake ya namba kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Aliyemhudumia alikuwa binti wa miwani, wa umri wa binti yake, mwenye subira ambayo Bwana Kilo hakuitegemea. Alikuwa amejiandaa kupigana, na ukijiandaa kupigana halafu ukapewa kiti, unakosa pa kuweka mikono.

"Mzee, hizi pesa ni mshahara kweli?"

Bwana Kilo akaitazama kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani. Miaka miwili ilikuwa inakaribia na hakuwahi kuyatamka maneno yale mbele ya mtu yeyote nje ya nyumba yake. "Sina kazi," akasema. "Ni dada yangu ananisaidia."

Binti wa miwani hakucheka wala hakumhurumia. Alimweleza kwamba pesa za ndugu kumpa ndugu hazina kodi, hata zikija kila mwezi, mradi hakuna kazi iliyofanywa wala kitu kilichouzwa. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe ameandika ni mshahara, na ujumbe wa simu unasema ni malipo ya kazi, basi ofisi itaaminije vinginevyo? Lakini kuna fomu ya kusahihisha. Aliyezitoa pesa ajaze kwamba zilikuwa zawadi na hakuna kazi iliyofanywa, atie sahihi, deni linafutwa. Akaangalia kompyuta yake. Laini iliyotuma pesa ilikuwa ya duka, imesajiliwa kwa jina la mwanamume. Bwana Kilo akasema huyo ni shemeji yake. Basi shemeji ndiye atie sahihi, akasema binti, na akaongeza kuwa ni jambo dogo tu.

Alishuka ngazi mwepesi. Kweli alifurahi, tusimnyime. Ilikuwa furaha yake ya kwanza kubwa tangu ghala, na alitaka kuigawa, ndiyo maana hakungoja afike nyumbani. Alimpigia dada yake akiwa bado kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Akamweleza yote, mpaka mpagazi na ufunguo wake wa gari. Dada mtu hakucheka.

"Hiyo kodi ni kiasi gani, kaka?"

Akamtajia.

"Lipa tu. Nitakutafutia. Nitakuongezea kidogo kidogo mpaka iishe."

"Tulipe vipi kitu tusichodaiwa? Ni sahihi moja tu ya shemeji."

"Kaka, nakuomba. Liache hivyo lilivyo."

Mteja akaingia dukani, simu ikakatwa. Bwana Kilo akalitafakari jambo hilo njia nzima, na akalielewa kwa namna ambayo mtu mwema hulielewa, yaani vibaya kabisa. Aliona dada yake anataka kujiongezea mzigo. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Akipewa nguo mpya husema ile ya zamani bado nzima, akipewa nyama huwamegea wengine mpaka sahani yake inabaki mchuzi. Sasa anataka kulipa hata kodi ya uongo wa kaka yake. Hapana, akasema Bwana Kilo, safari hii sitamwacha. Atampigia shemeji mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume, amwombe sahihi, na hapo hapo amshukuru, kwa maana miezi kumi na minne amekula jasho la mtu yule bila kumwambia asante, kwa aibu tu. Mkewe alimwambia asubiri, amuulize dada yake tena kwa nini hataki. Akasema hakuna cha kuuliza. Akavaa shati safi, kana kwamba simu ina macho, akaketi vizuri, akapiga.

Walisalimiana kwa mapana. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, mnyoofu, wa kuandika kila senti. Bwana Kilo alimpenda siku zote kwa sababu aliona kama wametoka kiwanda kimoja. Akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya biashara. Kisha akaanza.

"Shemeji, nimechelewa kukushukuru. Huu msaada wenu wa kila mwezi ndio umetuweka mjini. Mungu awazidishie."

"Msaada upi?"

Bwana Kilo akadhani ni unyenyekevu. Akaendelea, akamweleza habari ya ofisi, fomu, na sahihi, kwamba anachotakiwa kuandika ni kuwa pesa zile zilikuwa zawadi na hakuna kazi aliyowafanyia.

"Hujatufanyia kazi," shemeji akarudia.

"Ningewafanyia nini, shemeji, na mimi nipo huku?"

"Na daftari la stoo?"

"Daftari gani?"

Bwana Kilo akaitoa simu sikioni kutazama kama imekatika. Kisha shemeji akamsimulia, polepole, bila hasira, jinsi kila mwisho wa mwezi mkewe anavyomkabidhi daftari la stoo: mita za kitambaa zilizoingia na zilizotoka, fito, pete, ndoano, yote yamepangwa safi, hesabu zimefungwa bila kosa. Mkewe alimwambia kuwa anamsomea kaka yake kwa simu, na kaka anapiga hesabu, kwa kuwa ni mtu wa ghala, anazijua kazi hizi, na analipwa kidogo. Shemeji akaona ni jambo jema, mtu amesaidiwa bila kudhalilishwa.

"Nikamwambia mwandiko unafanana na wake," akasema. "Akanijibu kwamba ananakili unayomwambia. Nikaandika kwenye vitabu vya duka, mshahara wa karani. Na kwenye kodi ya duka nimepeleka hivyo hivyo."

Hapo Bwana Kilo akaelewa. Dada yake alikuwa ameichukua kazi ile ya uongo akaifanya kweli. Mwezi baada ya mwezi alikaa akahesabu pete na fito kwa niaba ya kaka aliyekuwa amekaa kibarazani, ili pesa zitoke dukani zikiwa na sababu. Bwana Kilo akajaribu kurudi nyuma. Akasema labda amesahau, akasema ziko hesabu fulani ambazo kweli waliwahi kuongea. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo mwanafunzi ni fupi zaidi.

"Shemeji, usijitese," yule akamwambia. "Ungeniomba ningekupa. Nakuapia ningekupa. Ila sikujua kama ndani ya nyumba yangu kuna kitabu kinaandikwa ili nikisome mimi peke yangu." Akasema fomu ataijaza, kwa sababu ni kweli tupu. Akasema na yeye itambidi aende ofisi ya kodi kusahihisha ya kwake. Akaaga kwa adabu, akamtumia mke wa Bwana Kilo salamu.

Bwana Kilo alibaki na shati lake safi. Mkewe alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo na ulimtosha. Hakusema nilikwambia. Alisema ampigie dada yake haraka kabla mume hajafika nyumbani, na Bwana Kilo akapiga mara tano, simu ikaita mpaka ikachoka.

Fomu ilikuja kwa basi baada ya siku tisa, ndani ya bahasha ya duka, muhuri na sahihi mahali pake. Shemeji alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba mtu huyu hawajawahi kumwajiri. Tarehe tatu ilipita, simu haikulia. Tarehe nne Bwana Kilo aliipeleka fomu ghorofa ya pili. Binti wa miwani akaipokea, akaandika, akabonyeza, akatabasamu.

"Umepona, mzee. Hudaiwi chochote."

Kulikuwa bado na mstari mmoja wa kutia sahihi, unaosema kwamba yeye hana kazi, hana kipato, na anaishi kwa msaada wa ndugu. Bwana Kilo akaushika uzi wa ile kalamu.

"Msaada wenyewe umekatika," akasema. "Hilo niliandike wapi?"

Binti akaitazama fomu juu mpaka chini, akasema kwa upole kuwa fomu inauliza habari za mwaka jana. Akatia sahihi.

Chuo kilisubiri wiki mbili, ambazo ni nyingi kwa chuo. Binti yao alirudi Jumamosi na godoro, ndoo, na sare mbili nyeupe, akasema ni likizo ndogo tu, na wazazi wake wakakubali kuwa ni likizo. Sare akazitundika nyuma ya mlango. Mwenye nyumba alipewa nusu ya pango na maneno mengi. Mke akaanza kwenda kufua kwa watu, na wiki ya pili mikono yake ikapasuka. Bwana Kilo alikwenda tena kwenye viwanda vya unga, wakachukua tena namba yake ya simu.

Mwezi wa pili tangu pesa zikatike ukiwa katikati, saa nne asubuhi, dada yake akapiga. Bwana Kilo alikuwa kibarazani peke yake. Akainuka kuipokea, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Dada mtu aliuliza afya, aliuliza habari ya binti, akaambiwa yuko likizo, naye akakubali kuwa ni likizo.

"Nisamehe," Bwana Kilo akasema.

"Ulitaka kunipunguzia mzigo. Najua. Nakujua, kaka."

Akamuuliza habari ya duka. Akaambiwa duka liko salama, wateja wapo, mezani kwenye droo ya pesa siku hizi anakaa mpwa wa mumewe, msichana mzuri, mwepesi kujifunza. Funguo hakunyang'anywa, alizitoa mwenyewe akaziweka mezani, na mumewe hakumwambia azichukue. Bwana Kilo akauliza kama shemeji anamsumbua.

"Hapana. Ananisalimia, anakula chakula changu. Hajanipandishia sauti hata siku moja. Ila pesa ya sokoni ananihesabia mkononi, na nikirudi anaomba chenji. Miaka kumi na moja sijawahi kuombwa chenji."

Bwana Kilo alitaka kumwambia atakuja, ataongea na shemeji, atapiga magoti ikibidi, lakini nauli ya basi hakuwa nayo, na wote wawili walilijua hilo.

"Lile daftari nililipenda," dada mtu akasema. "Nilianza kwa ajili yako, halafu nikalipenda lenyewe. Nilikuwa nalifanya vizuri, kaka. Mume wangu alikuwa akilisifu, anasema kaka yako ana kichwa."

"Ilikuwa kazi yako," Bwana Kilo akasema. "Mshahara ulikuwa wako."

Akamsikia anavuta pumzi, kisha akasema haraka haraka kwamba watoto wanamwita, watazungumza siku nyingine, akakata. Ilikuwa saa nne na robo, siku ya kazi, na Bwana Kilo alijua vizuri kabisa kuwa saa hizo watoto wako shule.